UMEME NA MWANGA KATIKA JENGO LA CHAMA: MAMBO YA KUPIMA KABLA FUNDI HAJAITWA

Chama cha msingi kinapoazimia kujenga ofisi na ghala, mkutano mkuu aghalabu hujadili kwa kirefu saruji, mabati, milango na kufuli. Inapofika zamu ya umeme, makisio huandikwa mstari mmoja: "Umeme, jumla." Fedha zikipitishwa, huitwa fundi aliye karibu, naye hufunga taa moja katikati ya kila chumba na soketi moja pembeni mwa mlango. Msimu wa kwanza hupita salama. Msimu wa pili breka huanza kukatika kila birika la chai linapochemshwa, taa za ghalani hufifia, na mwanachama aliyeleta kahawa yake jioni hulalamika kwamba hakuona mizani ilisoma nini.

Katika kata ya Itaka, wilayani Mbozi, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Mkoa wa Songwe zinazolima kahawa, mapokezi ya mazao hayangoji jua. Mkulima anayetoka mbali na magunia yake hufika saa atakayofika. Kahawa hiyo hupimwa, huandikwa kitabuni, hukatiwa stakabadhi na kupangwa ghalani, na mara nyingi kazi hiyo huisha giza limeingia. Zaidi ya hayo, Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kama MUVU, umefanya kompyuta kuwa chombo cha kazi katika ofisi ya chama kama vile daftari la leja lilivyokuwa zamani. Kwa hiyo umeme umekwisha kuwa sehemu ya hesabu za chama, na yafaa upimwe kama vitu vingine vinavyopimwa.

Umeme wa kuuziwa watu ulianza nchini mwaka 1908, Dar es Salaam, katika karakana za reli na mitaa waliyokaa Wazungu chini ya serikali ya Wajerumani. Vijiji vilisubiri muda mrefu mno baada ya hapo, vikitumia koroboi, chemli na karabai. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Katika miradi yake wanavijiji wengi wameunganishiwa umeme kwa ada ya shilingi 27,000. Ada hiyo imewadanganya makatibu kadhaa wa vyama, kwa sababu ni ya kuletewa umeme mpaka kwenye mita tu. Waya za ndani ya jengo, bodi, taa, soketi na fimbo ya ardhi ni mzigo wa mwenye jengo. Kipo pia kifaa kiitwacho UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho humwezesha mwenye nyumba ndogo kupata taa na soketi bila kufunga waya nyumba nzima. Ni kifaa kizuri kwa nyumba ya vyumba viwili, ila hakikutengenezwa kwa ghala.

KUPIMA MAHITAJI

Umeme unaotolewa majumbani na maofisini nchini una nguvu ya volti 230. Kila kifaa huandikwa wati zake. Ukigawanya wati kwa volti 230 unapata ampea, yaani kiasi cha mkondo unaopita katika waya. Hesabu hii moja ndiyo msingi wa karibu kila jambo litakalofuata, na haimshindi katibu yeyote anayejua kupiga hesabu ya malipo ya wakulima.

Tuchukue mfano wa jengo lenye ofisi ya mita 5 kwa 4, ghala la mita 12 kwa 8, na baraza lenye mizani. Taa za ofisi, kama itakavyoonekana hapa chini, ni wati 126. Taa za ghala ni wati 252. Taa nne za nje za ulinzi, kila moja wati 20, ni wati 80. Kompyuta na mashine ya kuchapa zikadiriwe wati 700. Birika la umeme la kuchemshia chai ni wati 2,000. Jumla ni wati 3,158, ambazo ukizigawanya kwa 230 ni ampea 13.7. Msomaji atazame jumla hiyo vizuri: birika peke yake ni zaidi ya nusu ya mzigo wote wa jengo. Vifaa vinavyozalisha joto, yaani birika, pasi na jiko, ndivyo vinavyokula umeme, na ndivyo vinavyosahauliwa katika makisio kwa kuwa havikuwapo siku ya kufungua jengo. Chama kinachojua kwamba kitachemsha chai kiandike birika katika orodha tangu mwanzo.

Uniti moja ya umeme inayokatwa katika LUKU ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Taa zile za ghala za wati 252 zikiwaka saa 5 zitatumia uniti 1.26. Mwanga huo huo ukipatikana kwa balbu za zamani za waya mwembamba, zitahitajika balbu 20 za wati 100, na saa 5 zitakula uniti 10. Katibu atazidisha mwenyewe kwa bei iliyo katika risiti yake ya mwisho, na kwa siku za msimu mzima.

MWANGA WENYEWE

Wati si kipimo cha mwanga. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Mwanga unaotoka katika taa hupimwa kwa lumeni, na mwanga unaofika mezani au sakafuni hupimwa kwa luksi. Luksi moja ni lumeni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Ofisi ya kuandika na kusoma huhitaji luksi 300 na zaidi. Kwa ghala la kupanga magunia luksi 100 zinatosha. Mahali pa mizani pahesabiwe kama ofisi, kwa sababu kazi inayofanyika hapo ni ya kusoma.

Ofisi yetu ina mita 20 za mraba. Luksi 300 mara 20 ni lumeni 6,000. Lakini mwanga wote unaotoka katika taa haufiki mezani: sehemu humezwa na kuta na dari, na sehemu hupungua taa inapozeeka na kupata vumbi. Chumba chenye dari nyeupe na kuta nyeupe kinaweza kuleta mezani sehemu sita katika kumi za mwanga, na uzee na vumbi vikihesabiwa kubakiza sehemu nane katika kumi, basi 0.6 mara 0.8 ni 0.48. Gawanya 6,000 kwa 0.48, upate lumeni 12,500. Taa ya tyubu ya LED ya futi 4 yenye wati 18 hutoa kiasi cha lumeni 1,800, hivyo zinatakiwa tyubu 7. Ofisi hiyo hiyo ikiwa haina dari, na kuta zake zimeachwa na rangi ya udongo, sehemu zinazofika zaweza kushuka hadi nne katika kumi. Hesabu ikirudiwa itatoa lumeni 18,750, nazo ni tyubu 11. Ndoo ya rangi nyeupe imeokoa taa nne, na itaendelea kuokoa umeme wake kila siku taa zinapowashwa.

Kwa ghala la mita 96 za mraba, luksi 100 ni lumeni 9,600. Ghala halina dari, bati ni jeusi kwa ndani, na vumbi la kahawa halikosi, kwa hiyo haifai kutegemea zaidi ya 0.4 kwa jumla. Hizo ni lumeni 24,000, na tyubu 14. Lakini mahali zinapofungwa pana uzito kuliko idadi. Fundi asiyeelekezwa atazipanga kwa mstari ulionyooka katikati, na magunia yakishapandishwa taa zitamulika juu ya magunia, huku njia za kupita zikibaki gizani. Mpango wa magunia uchorwe kwanza, kisha taa zifuate njia zilizo kati ya mafungu. Kwa kufanya hivyo taa hazikai juu ya gunia, na gunia halifiki kwenye taa. Taa iliyogusana na mkonge au nyuzi kavu ni jambo la kuogopwa hata ikiwa ya LED, kwa sababu kiungo kilicholegea ndani yake hupata moto bila kujali jina la taa.

Mizani inastahili maelezo yake peke yake. Aghalabu taa ya baraza hufungwa ukutani, nyuma ya karani. Karani anapoinama kusoma, kivuli chake huangukia uso wa mizani, na mkulima aliyesimama upande wa pili haoni kitu ila kichwa cha karani. Malalamiko mengi ya kupunjwa kilo huanza hapo, hata kwa karani mwaminifu. Taa mbili ndogo zifungwe juu, moja kila upande wa mizani, ili mwanga ukutane na kivuli kisipate nafasi, na uso wa mizani uelekezwe mahali ambapo karani na mwenye mali wanausoma pamoja. Gharama yake ni taa moja ya ziada.

Jambo jingine ni rangi ya mwanga. Anayechambua kahawa hutafuta punje zilizobadilika rangi, na taa ya manjano hulainisha tofauti hizo. Mahali pa kuchambua pafungwe taa ya mwanga mweupe ambayo boksi lake limeandikwa kwamba kipimo cha kuonyesha rangi halisi ni 80 au zaidi.

Na mchana, jua ni taa isiyo na LUKU. Itaka iko karibu na digrii 9 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni, wakati wa mavuno, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita upande wa kusini kidogo. Madirisha ya ukuta wa kaskazini na wa kusini, yakiwa na paa lililotokeza vya kutosha, huleta mwanga wa utulivu siku nzima. Madirisha ya mashariki na magharibi huingiza jua la kuchoma machoni asubuhi na jioni. Mabati machache angavu katika paa la ghala hutosha kufanya taa zizimwe mchana, ila yasiwe juu ya mahali pa kahawa, kwani jua na unyevu unaodondoka kwenye viungo vyake havina faida kwa zao hilo.

WAYA, BREKA NA ARDHI

Wanachama wengi huamini kwamba breka iliyo katika bodi iliwekwa ili kumlinda mtu. Sivyo. Breka ya kawaida hulinda waya usiungue. Waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba huwekewa breka ya ampea 6 au 10. Waya wa soketi wa milimita 2.5 huwekewa breka ya ampea 20. Breka inapokatika mara kwa mara inasema kwamba mzigo ni mkubwa kuliko njia yake, au pana hitilafu. Kuiondoa na kuweka kubwa zaidi, kama inavyofanyika mahali pengi msimu unapopamba moto, ni kuuacha waya upate joto ndani ya ukuta au juu ya dari, mahali ambapo hakuna anayeona. Ghala lililojaa mali ya wanachama likiungua usiku, halirudishwi na breka ya ampea 63.

Taa na soketi zitengwe, kila moja na breka yake. Taa za jengo zigawanywe katika njia mbili au zaidi, ili hitilafu moja isizime ofisi, ghala na ulinzi kwa pamoja. Swichi ikate waya wa moto. Fundi mzembe akikata waya wa nyutro, taa itazimika vilevile, na kila mtu ataridhika mpaka siku mtu atakapopanda ngazi kubadilisha taa iliyozimwa lakini yenye umeme.

Mtu hulindwa na kifaa kingine, yaani breka ya umeme unaovuja, ambayo hukata mkondo unaovuja unapofika miliampea 30. Linganisha: miliampea 30 ni sehemu moja katika 200 ya ampea 6. Mtu anaweza kufa kwa mkondo ambao breka ya kawaida hata haiutambui.

Kuna hesabu moja inayofaa kusomwa na kila mjumbe wa bodi anayetaka kifaa hicho kiondolewe katika makisio kwa ajili ya bei. Tuseme waya wa moto ndani ya mashine umechubuka na kugusa bati la mashine. Bati limefungwa kwa waya wa ardhi unaokwenda kwenye fimbo iliyozikwa nje. Njia yote ya kurudi kwa kupitia udongo ina ukinzani wa omu 20. Volti 230 kugawanya kwa 20 ni ampea 11.5. Breka ya ampea 20 haitakatika. Mashine itabaki imesimama pale, bati lake likiwa na umeme, ikimngoja atakayeigusa kwa mkono wenye maji. Kwa breka ya umeme unaovuja ampea 11.5 ni nyingi mno, nayo itakata kabla sehemu tatu za kumi za sekunde hazijaisha. Fimbo ya ardhi peke yake haitoshi, na kifaa kile bila fimbo kitangoja mpaka umeme umpitie mtu ndipo kikate. Viende pamoja.

Fimbo hufanya kazi vizuri katika udongo wenye unyevu, na vibaya katika mchanga na mawe. Ardhi iliyopimwa mwezi Machi, mvua zikinyesha, itatoa jibu zuri ambalo mwezi Oktoba si la kweli tena. Kipimo cha kuaminika ni kile cha mwisho wa kiangazi.

Umbali nao huleta hasara isiyoonekana. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita 1 ya mraba una ukinzani wa kama omu 0.0175. Tuseme mita iko ofisini, na ghala liko mita 80 kutoka hapo, likitumia ampea 10. Mkondo huenda na kurudi, hivyo urefu ni mita 160. Kwa waya wa milimita 1.5, volti 18.7 zitapotelea njiani, na ghala litapata volti 211 tu. Kwa milimita 2.5 zitapotea volti 11.2. Kwa milimita 6 zitapotea 4.7. Utaratibu unaofuatwa na mafundi ni kutozidisha upotevu wa sehemu 3 katika 100 kwa taa, ambazo ni volti 6.9. Kwa hiyo waya wa milimita 6 ndio unaofaa. Anayechagua waya wa milimita 1.5 ili kuokoa fedha ananunua jiko la wati 187 na kulizika ardhini, na atalilipia umeme wake siku zote.

Majengo ya zamani yana mtego wa rangi. Waya za zamani zilikuwa nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa ardhi. Waya za sasa ni kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano kwa ardhi. Katika umeme wa njia tatu mambo huwa mabaya zaidi: buluu ya zamani ilikuwa mojawapo ya njia za moto, na nyeusi ya sasa ni mojawapo ya njia za moto. Ghala la zamani linapoongezewa chumba kipya, kila kiungo kipimwe kwa kifaa, na karatasi ya onyo ibandikwe katika bodi.

CHAMA CHENYE MASHINE

Chama kinachofikiria mtambo wa kumenya kahawa au pampu ya maji kiseme hivyo katika maombi yake ya kwanza kwa TANESCO. Mota ya kilowati 5.5 hutaka umeme wa njia tatu, wenye volti 400 kati ya njia na njia. Ikizunguka kwa mzigo wake huvuta kama ampea 11 kwa kila njia, lakini inapoanza huvuta mara tano hadi saba zaidi kwa sekunde chache. Ndiyo sababu taa za jirani hufifia, na ndiyo sababu mota huwekewa stata yake badala ya swichi ya kawaida. Njia mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Pampu haitavuta maji, na mashine ya kumenya itakwama. Kwa hiyo baada ya kila matengenezo ijaribiwe kwanza ikiwa tupu. Chumba cha mashine kisiachiwe taa moja yenye kupepesa, kwani gurudumu linalokwenda kasi chini ya mwanga wa namna hiyo laweza kuonekana limesimama.

KUNUNUA NA KUPOKEA KAZI

Kazi ya kufunga umeme hufanywa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na daraja la leseni liwe linaruhusu kazi yenyewe. Nakala ya leseni iambatishwe na mkataba kabla ya malipo ya awali. Zabuni zote zijibu mchoro mmoja na orodha moja ya vifaa, la sivyo bodi italinganisha bei za vitu visivyolingana na kumpa kazi aliyepunguza unene wa waya.

Waya hafifu ni udanganyifu wa kawaida sokoni, na chama kina silaha dhidi yake: mizani. Shaba ya waya wa milimita 2.5 ina uzito wa gramu 22.4 kwa kila mita. Roli la mita 100 la waya mmoja lazima lizidi kilo 2.24, maana plastiki nayo ina uzito wake. Roli la milimita 1.5 lazima lizidi kilo 1.34. Baadhi ya maroli ni ya yadi 100, ambazo ni mita 91 tu, basi katibu asome lebo kwanza. Roli la milimita 2.5 lenye mita 100 likipimwa dukani na kutoa kilo 1.7, ama shaba imepunguzwa, ama ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Lirudishwe hapo hapo.

Siku ya kukabidhiwa jengo, mkandarasi abonyeze kitufe cha majaribio cha breka ya umeme unaovuja mbele ya wajumbe, awashe taa na vifaa vyote kwa pamoja kwa muda wa saa moja, kisha aguse bodi na soketi kwa mkono kuona kama zina joto. Atoe mchoro wa jinsi alivyofunga, ambao mara nyingi hutofautiana na ule wa awali, pamoja na karatasi ya vipimo vya ardhi na vya waya. Kila breka iandikwe inahudumia nini, kwa Kiswahili kinachosomeka. Sehemu ya mwisho ya malipo isitolewe kabla karatasi hizo hazijaingia katika jalada la jengo. Kitufe kile kibonyezwe tena kila baada ya miezi mitatu, na ardhi ipimwe kila mwaka mwezi Oktoba, jibu likiandikwa katika jalada hilo hilo.